Joto la Pipani

Asubuhi ya arobaini ya mumewe, Nyamizi alifungua pipa achote mahindi ya kupeleka mashineni. Alizamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akapiga yowe lililomleta wifi yake, Kalunde, mbio kutoka uani.

"Yana joto, wifi! Yana joto kama mtu!"

Kalunde naye akachota, akanusa kiganja. Punje zilikuwa zimeshikana mabonge, zimeota ukungu wa kijani.

"Kwani yalikauka haya?"

"Nani wa kuyaanika tena? Tuliporudi kutoka makaburini niliyakuta bado mkekani, manyunyu yameanza. Nikayamimina humu, nikafunga kifuniko mtu asiyaguse. Ndiyo mavuno ya mwisho ya kaka yako."

Kalunde alikung'uta kiganja; mkono wa Nyamizi ulikuwa bado pipani.

"Mahindi mabichi ukiyafungia huchemka yenyewe. Haya sasa ni sumu, hata kuku hatuwapi. Toa mkono, wifi, tukayamwage."

Akashika pipa upande wake, akasubiri.

Nyamizi hakutoa mkono. Alikuwa amefumba macho, vidole vyake vikipapasa polepole ndani ya lile joto.