Kiti cha Bi Mwanakombo

Sheria ilisema kiti cha mbao kitabaki nyumbani maadamu yu hai mtu aliyekikalia kikiwa kipya; akifa, kinachukuliwa siku hiyo hiyo. Bi Mwanakombo aliketishwa kwenye kiti chake cha mvule, kikiwa kipya, siku ya harusi yake, mwaka 1962. Sasa kilikuwa kando ya kitanda chake, na kila Ijumaa mjukuu wake, Rukia, alikipaka nta ya nyuki kama alivyofundishwa na bibi mwenyewe.

“Kunywa dawa, Bibi. Kijiko kimoja tu.”

“Nimechoka, mjukuu wangu. Niache nipumzike.”

Machozi yakamlenga Rukia. Bibi akamtazama.

“Unanililia mimi, mama, au kiti?”

Rukia akatazama chini. Mkono wake ulikuwa bado unasugua mbao.