Ukoko wa Pasi

Tangu moto upigwe marufuku majumbani, sote tunapikia maikrowevu, nayo humkatia chakula mwezi mzima yeyote anayeunguza. Wali wake laini, hauna kosa wala ladha. Baba ni mahututi, leo siku ya tatu hali kitu.

"Nataka ukoko, Mwanasiti. Kidogo tu."

Nilijaribu mara nne. Wali ukianza tu kukauka, mashine inajizima.

Basi nikachukua pasi ya nguo, nikaukandamiza wali mpaka ukatatarika. Harufu ikajaa nyumba nzima. Baba akafumbua macho.

Maikrowevu nayo ikawasha taa nyekundu. "Nasikia harufu ya kuungua. Nani anaunguza?"

"Mimi," Baba akajibu kabla sijafungua mdomo. "Nikatie huo mwezi mzima. Kwani mwezi nitautoa wapi?"