Simu Iliyozimwa Ziwani

Sisi wavuvi wa Katonga huzima simu mara minara ya simu ya mtaa wa Mwanga inapopotea machoni, tutunze chaji. Injini ilipokufa katikati ya ziwa na maji yakaanza kuingia mtumbwini, simu yangu ilikuwa imezimwa.

"Washa simu, kaka!" Jeremia, mdogo wangu, alifoka, akichota maji kwa kopo.

"Huku kuna mnara gani, wa samaki migebuka?"

"Laini yako mpya inashika setilaiti. Acha ubishi!"

Nilifungua kwa meno mfuko wa nailoni uliohifadhi simu, nikaiwasha, nikawaandikia waokoaji bandarini. Kioo kilikuwa kimegandwa na magamba ya samaki. Nikasubiri.

Simu ikatetemeka. "Tumepata mahali mlipo. Boti inakuja."

Mimi, mbishi wa Katonga, nikambusu Jeremia kwenye paji la uso. "Asante, mdogo wangu. Asante."

"Utanibusu nchi kavu. Chota maji!"