Nani Kapanda, Nani Kashuka

Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara anadai aliyaona yote kwa macho yake: Mama Mkaa alimfungulia karani wa takwimu mlango mkubwa wa mbele, akajitupa kwenye kochi jeupe, akakunja nne. "Kama waziri!" anaapa.

Karani mwenyewe alishangaa. Kazi yake ilikuwa kuwarudia watu wale wale kila baada ya miaka kadhaa, kuona nani kapanda kimaisha, nani kashuka. Mara ya mwisho alipofika, hapa palikuwa na kibanda cha mabati, na mama huyu akipima mkaa kwa kopo mlangoni, masizi mpaka kwenye kope. Leo, ghorofa.

"Shikamoo, mama. Unanikumbuka?"

"Marahaba. Si wewe uliyekataa chai yangu ukidai umeshiba, na huku tumbo linanguruma? Pita pembeni, sakafu haijakauka. Haya, uliza."

Karani alicheka, akatoa kalamu. "Sakafu ya nini?"

"Marumaru. Andika."

"Maji?"

"Humu humu ndani. Ya moto na ya baridi."

"Jikoni mnapikia nini?"

"Gesi. Mkaa humu huuoni hata wa dawa."

Kila jibu lilimpandisha Mama Mkaa ngazi moja kwenye fomu, mpaka ngazi zenyewe zikaisha. Mtaa mzima karani hakuwa amekutana na mtu wa namna hii. Wengine wote wa zamani hata hakuwapata.

"Mama, uliwezaje?"

"Walikuja na tingatinga, wakaniambia nihame. Nikawaambia, hapa ndipo nilipozalia wanangu, sitoki. Wakacheka. Wakasema hapa sitakanyaga tena." Aliigonga marumaru kwa kisigino. "Nimekanyaga, sijakanyaga?"

"Umekanyaga, mama! Tena umekanyaga hasa!"

Karani akaandika: *kapanda*. Akapigia mstari, kwa raha tu.

Honi ikalia getini. Punde mwanamke mwenye miwani ya jua akaingia, funguo mkononi, akasimama katikati ya sebule.

"Wewe! Nimekuajiri upige deki, au ukalie kochi langu?"

Mama Mkaa hakuinuka. Wala hakumtazama. Macho yake yalikuwa kwa karani, ambaye kalamu yake ilikwisha kurudi kwenye jibu la kwanza, tayari kulikata.

"Usinifute, mwanangu."