Choo Kimesema Umepona

Tangu choo cha nyumbani kianze kusoma kadi ya mgonjwa, kupima kinyesi chake kila asubuhi na kupeleka majibu kliniki, hakuna daktari anayemuuliza Shekue anavyojisikia. Utumbo wake una uvimbe na vidonda, mwaka wa tisa sasa. Leo choo kilitamka: "Umepona. Dawa zimesitishwa."

"Mbona damu bado inatoka?" alimuuliza mama yake.

Bi Mwanamkuu aliacha kuchambua mchele. "Kliniki walisema damu ikionekana tena watakukata utumbo. Nikachukua kadi yako, mwanangu. Wiki nzima nimekutangulia chooni, kikapima kinyesi changu."

"Mama! Na hilo tumbo lako la kusaga mawe!"

Walicheka kidogo, kisha wakapiga simu kliniki kusema ukweli.

"Choo hakidanganywi," sauti ilijibu. "Hongera."

Shekue alishika tumbo, akakimbilia chooni. Taa ya kipimo haikuwaka; choo hakimpimi tena aliyepona.