Gunia la Chatu

Eda ya Zuena ilikuwa imebakiza siku tatu, shemeji yake Shekue alipokuja na gunia kumchukua chatu aliyeachwa na marehemu. Alizungumza akiwa nje ya pazia, kama inavyopasa.

"Shemeji, nyoka huyu amekusumbua vya kutosha. Nimempatia mnunuzi."

Zuena alikuwa akisoma kipimajoto kwenye sanduku la kioo la chatu. Upande wa taa, nyuzi thelathini na moja. Akanyunyizia maji. Mumewe alipokuwa hai, Zuena alikuwa hakiingii kabisa chumba hiki cha nyoka.

"Macho yameingia ukungu," alisema. "Anataka kujivua gamba. Hewa ikikauka sasa, gamba litamgandia machoni. Msubiri kwanza."

Shekue aliguna, akalisukuma gunia chini ya pazia, akaondoka.

Siku ya nne, eda imekwisha, Shekue aliporudi, Zuena alilifungua pazia mwenyewe, amevaa kanga mpya. Mkononi alishika gamba zima, hata la macho halikukatika.

"Hongera," Shekue alisema. "Haya, gunia liko wapi?"

Zuena akasogea pembeni. Gunia lilikuwa ndani ya sanduku, limeloweshwa na kukamuliwa vizuri, na chatu amejikunja juu yake, anang'aa.