Kijitabu cha Chini ya Kitanda

"Bila barua ya zahanati ya chuo, bima haifanyi kazi," karani wa mapokezi ya hospitali alisema, akairudisha kadi bila kuinua macho.

"Zahanati ya chuo leo Jumapili imefungwa," bibi alisema.

"Basi kesho, bibi. Utaratibu ni utaratibu."

Nyuma ya bibi, mjukuu wake alikuwa amejikunja kwenye benchi, ameshika tumbo upande wa kulia, jasho likimtoka hadi kwenye nyusi. Kesho!

Akatoa mkobani kijitabu cha bima. Jalada lilikuwa limebonyea duara, alama ya mguu wa kitanda cha bweni. Mwaka mzima mjukuu alikiweka hapo kitanda kisiyumbe. Bibi alikichomoa asubuhi akitafuta viatu vya mgonjwa, akakisoma njia nzima, kidole kikitangulia kila neno.

Akakibwaga mezani, kidole juu ya mstari. "Soma, baba."

Karani akasoma kimya. "Unajua, bibi, hapa huwa tuna..."

"Sijakuuliza huwa. Mimi niliishia darasa la nne na nimeelewa. Wewe mwenye tai soma kwa sauti, na hao wasikie."

Kwenye benchi, wanafunzi wengine wawili walioambiwa warudi kesho waliinua vichwa.

"Mgonjwa wa dharura," karani alianza, "atapokelewa hospitali yoyote, bila barua..."

"Endelea," bibi alisema. Kidole hakikusogea. "Na mkono wako ubonyeze hiyo kengele ya daktari."